Mwalimu Nyanjige na Hatua ya Tatu

Nyanjige alizaliwa Nkoma, kwenye nchi ya pamba na ng'ombe, na baba yake Ngassa alikuwa manju. Si manju wa kutumbuiza harusini. Alikuwa manju wa ngoma za mashindano, zile zinazochezwa baada ya mavuno, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, kila kundi na ngoma zake na dawa yake ya mvuto, wote wakicheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja. Mgeni atauliza: sasa mshindi anapatikanaje? Kwa miguu ya watazamaji. Kundi likinoga, watu wanalikimbilia. Likichuja wanalihama, na manju anabaki akiwachezea mbwa wake. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda, na rufaa hakuna.

Ngassa alishinda sana na alishindwa sana, na sikuambii kwamba alikuwa mtu wa busara, maana alikuwa na majivuno ya jogoo. Ila jambo moja alilijua. Watu walipomhama hakuwatukana hata siku moja. "Mtazamaji hafungwi kamba," alikuwa akisema, kisha anakwenda kulala.

Binti yake hakurithi ngoma. Alisoma, akapelekwa chuo cha ualimu, na huko akakutana na netiboli. Aliicheza vizuri, na goti lilipoharibika akafundishwa urefa. Hapo ndipo alipojipata. Kile kifilimbi cha chuma kilichoning'inia shingoni kilimpa kitu ambacho hakukipata kwingine: alipokipuliza, mambo yalisimama. Alipangiwa shule ya msingi Bariadi, enzi zile Bariadi ikiwa bado wilaya ya Shinyanga. Akaolewa. Mumewe akaenda Geita kutafuta dhahabu. Kama aliipata hatujui, tunachojua ni kwamba alipata mke mwingine. Nyanjige akabaki na chumba chake cha ualimu, chaki zake, na filimbi.

Halafu serikali ikafungua milango. Pamba, ambayo tangu zamani mkulima aliiuza kwa chama cha ushirika tu, ikaruhusiwa kununuliwa na yeyote mwenye mizani na gari. Wanunuzi wakamiminika Bariadi. Huyu anagawa fulana, yule anagawa kofia, wa tatu anampa mkulima mche wa sabuni na maneno matamu. Mmojawapo ulikuwa mradi wa tajiri mmoja wa Mwanza, uliojiita Nyota Pamba. Walijenga kiwanda cha kuchambulia pamba kando ya barabara ya kwenda Lamadi, na meneja wao alikuwa bwana mnene, mwenye haraka, jina lake Kasmiri.

Kasmiri aliona kwamba fulana zinachakaa na kofia zinapotea. Yeye akataka kitu cha kuwaleta watu kiwandani kila Jumapili. Mkulima akija Jumapili kutazama mchezo, Jumatatu ataleta pamba. Timu za mpira wa miguu zilikuwa zimejaa kila kona, kwa hiyo akachagua mpira wa kikapu, ambao Bariadi iliuona kwa nadra. Ubavuni mwa ghala kulikuwa na sakafu pana ya saruji, iliyojengwa kwa ajili ya kumwagia pamba ghala likifurika. Fundi wa kiwanda akachomelea vyuma viwili vya kikapu, mistari ikapigwa rangi, na vijana warefu wakaajiriwa kwa mshahara ili wacheze tu. Mtu analipwa kwa kudunda mpira! Mjini hiyo ikawa habari ya wiki nzima. Wafanyabiashara wa samaki wa Lamadi, waliokuwa wameneemeka na minofu ya sangara, nao hawakukubali kupitwa. Wakaunda timu yao wakaiita Sangara. Wenye maduka wa Nyalikungu wakaunda yao. Ligi ikazaliwa hivyo, bila kamati wala hotuba.

Kilichokosekana ni refa. Kasmiri akamfuata Nyanjige shuleni.

"Mwalimu, netiboli na kikapu si ndugu?"

"Ni ndugu, Meneja, ila si mapacha."

"Ndugu wanatosha."

Akampa kitabu cha sheria. Nyanjige akakisoma mpaka kurasa zikalegea, akakiweka kichwani chote. Tatizo ni kwamba kichwa kilijua kikapu, lakini mkono na pumzi vilikuwa bado vya netiboli. Kwenye netiboli mtu hamgusi mwenzake. Kwenye kikapu miili inagongana, na refa ni lazima apime: huu ni mchezo, hili ni kosa. Nyanjige hakupima. Kila bega lililogusa bega, filimbi. Kila mkono uliopita karibu na mkono, filimbi. Mpira ulikuwa hauvuki nusu ya uwanja kabla haujasimamishwa.

Apolonia, mama aliyeuza karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa beseni pembeni mwa uwanja, ndiye aliyekuwa mdomo wa watazamaji. Sauti yake haikuhitaji spika.

"Kapiga nini tena huyu?" aliuliza kila filimbi ilipolia. "Mayu, mama yangu, hapa si mstarini. Hatujachelewa shule."

Watu walicheka, kisha wakachoka kucheka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na uwanja wa wazi, na msimu wa pamba ndio msimu wa ngoma. Ngoma zilipoanza kulia, Nyanjige aliona kitu alichokijua tangu utotoni. Mtu mmoja aligeuza kichwa. Mwingine akageuza bega. Kisha miguu. Jumapili ya tatu, mchezo ulipofika katikati, waliobaki walikuwa wafanyakazi wa kiwanda, na hao walikaa kwa sababu Kasmiri alikuwa anawatazama.

Siku hiyo meneja alimwita kando ya ghala.

"Mwalimu, sikiliza. Ghala limejaa. Pamba nyingine iko nje imefunikwa maturubai. Sakafu hii nimeiacha kwa ajili ya watu, na tajiri anaulizia kila wiki. Watu wasipokuja, nitaimwagia pamba, na mchezo umekwisha. Si mwakani, ni sasa."

Nyanjige hakulala vizuri. Jumapili kwake ilikuwa siku ya kuishi. Siku nyingine zilikuwa za kufundisha na kupika chakula cha mtu mmoja. Alivyoipenda sakafu ile, angeweza kuifagia kwa kanga yake. Na sasa alikuwa anaiua yeye mwenyewe, kwa pumzi yake.

Kasmiri hakumngojea ajirekebishe. Alikwenda Mwanza akarudi na Boniventura. Kijana mrefu kama nguzo ya simu, mwenye mikono iliyoweza kuushika mpira kama mtu anavyoshika chungwa, na mwenye kujua kwamba anatazamwa. Akiupata mpira alitembea nao kwa madaha, akaruka, akauzamisha kikapuni kwa mikono miwili mpaka chuma kikalia. Bariadi haikuwahi kuona jambo hilo. Tatizo lilikuwa kwenye kule kutembea. Sheria inamruhusu mchezaji hatua mbili akiacha kudunda. Boniventura alichukua tatu, na siku akiwa na furaha, nne.

"Huyo mwache," Kasmiri alisema. "Wamekuja kumwona yeye, hawakuja kukuona wewe. Filimbi ipumzike shingoni."

Nyanjige akaiacha ipumzike. Na tusimlaumu haraka, kwa sababu ilifanya kazi. Jumapili iliyofuata watu walijaa, na iliyofuata wakajaa mpaka juu ya matrekta. Wachezaji wa ngoma wenyewe walivuka barabara na njuga miguuni kuja kumtazama Boniventura. Nyanjige alikimbia huku na huku katikati ya kelele hizo, filimbi haipigwi ila mpira ukitoka nje, na alifurahi. Alifurahi kweli. Alijisikia kama binti wa manju siku ya ushindi. Walisahau wote, naye akiwemo, kwamba ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Ilipasuka Sangara walipokuja kutoka Lamadi. Walikuwa na kijana anaitwa Joakim, mfupi kwa wachezaji wa kikapu, lakini mjanja, na siku hiyo alimnyima Boniventura raha. Popote Boniventura alipokwenda, Joakim alikuwa amefika. Kipindi cha pili, wote wawili wakaruka chini ya kikapu, na Boniventura akamchapa kiwiko cha mdomo. Haikuwa bahati mbaya. Nyanjige alisimama hatua chache tu kutoka pale. Aliliona lile jicho likitafuta mdomo kabla kiwiko hakijafika. Joakim alianguka akakaa, akatema damu, na ndani ya damu kulikuwa na meno mawili. Alimtazama refa. Nyanjige naye alimtazama, kisha akageuza macho akautazama mpira.

Filimbi haikulia. Boniventura akafunga.

Wachache walishangilia, na walipoona wako peke yao wakanyamaza. Apolonia akainama, akajitwisha beseni lake, akapita nyuma ya kikapu polepole, akaenda kusimama upande wa watu wa Lamadi. Hakusema neno, na kwa Apolonia hilo peke yake lilikuwa tukio. Mzee mmoja aliyekuja na baiskeli akamfuata. Kisha kundi la akina mama. Kisha watu wote. Bariadi nzima ilivuka ikaenda kusimama kwa wageni, na upande wa Nyota wakabaki Kasmiri na wafanyakazi wake, kama manju aliyehamwa. Nyota walishinda kwa vikapu vingi siku ile. Hakuna aliyeuliza ni vingapi.

Wiki iliyofuata mikokoteni ya pamba ilipita mbele ya geti la kiwanda bila kupunguza mwendo, ikaenda kwa wanunuzi wengine. Kasmiri akasimama barabarani, akamsimamisha mkulima aliyemfahamu, akamuuliza kuna nini. Mkulima hakuficha.

"Bhabha, watu wanasema, kama filimbi yenu inachagua mtu, mizani yenu je?"

Jumapili ile Nyota walicheza na Nyalikungu mbele ya mbuzi waliopotea njia. Kasmiri alipima sakafu kwa macho, na vibarua wakaagizwa wasogeze maturubai karibu.

Jumamosi iliyofuata Nyanjige alipanda lori la barafu akashuka Lamadi. Alimkuta Joakim mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, amekaa juu ya kreti, anapanga sangara kwenye barafu, mdomo umevimba. Kijana alisimama alipomwona mwalimu, maana adabu haikung'oka pamoja na meno.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Nimekuja kukuomba radhi."

Joakim akaweka samaki chini, akajifuta mikono.

"Kiwiko nimekisamehe. Kiwiko ni cha Boniventura, na tungekutana tena labda na mimi ningempa changu. Lakini wewe uliona, Mwalimu. Ulinitazama, halafu ukatazama mpira." Akasukuma kreti kwa mguu. "Sasa nikirudi pale, nacheza na nani? Na Boniventura, au na wewe?"

Nyanjige aliokota yule samaki, akamlaza kwenye barafu. Alisema tu, "Rudi, utaona." Njiani kurudi, katikati ya makreti, aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ila aibu ni kitu kimoja na kujua la kufanya ni kingine. Akirudia filimbi za mwanzo, watu watahama. Akiiacha ipumzike, watu wamekwisha kuhama. Alijiuliza watu hao hasa walitaka nini, na kila alipojiuliza alisikia sauti ya Apolonia: kapiga nini tena huyu? Msimu wote mama yule alikuwa akiuliza swali, na refa hakumjibu hata mara moja. Alipuliza, akanyoosha mkono kama kitabu kilivyosema, akaendelea. Darasani angemwadhibu mwalimu wa namna hiyo.

Jumapili, watu walikuwa wachache, wengi wamekuja kwa mazoea. Dakika za mwanzo tu Boniventura akaupokea mpira, akaanza madaha yake. Filimbi ikalia kwa nguvu mpaka ndege wa kwenye bati wakaruka.

"Kapiga nini?" Apolonia akauliza.

Nyanjige akamnyang'anya Boniventura mpira. Akaukumbatia kifuani, akaubetua ule mguu wa goti bovu, akatikisa bega la kushoto kama Boniventura, akainua kidevu kama Boniventura, na akaanza kutembea.

"Imo," alihesabu kwa sauti, kwa Kisukuma cha Nkoma, mguu ukikanyaga saruji. "Ibili. Hizo ni zake, kapewa, ale." Kisha akauinua mguu juu, akauacha unaning'inia, akawazungushia watu macho pande zote kama mwizi aliyekutwa na kuku. "Idatu."

Alipoushusha, uwanja uliangua kicheko. Vile alivyolipata lile bega! Boniventura mwenyewe alijaribu kununa akashindwa. Apolonia alicheka mpaka karanga zikamwagika, na alipomaliza akasema, "Kumbe. Si ungesema tangu mwanzo."

Tangu siku hiyo, kila alipopiga, alilicheza kosa. Mtu akishika jezi ya mwenzake, Nyanjige aliishika jezi ya hewani akaivuta kwa uchoyo. Mtu akijiangusha kwa uongo, yeye alijiangusha nusu, akainuka akijipangusa kwa huruma. Na kucheza makosa kukamfundisha jambo ambalo kitabu hakikuweza kumfundisha: huwezi kucheza kila kigusano. Kosa lisilo na umbo, lisilomwonea mtu, lililopita kama upepo, hakulipuliza, kwa sababu hakuwa na la kuwaonyesha watu. Pumzi ya netiboli ikamtoka. Mchezo ukakimbia, na ulipokatwa, kila mtu alijua umekatwa kwa nini. Hata walioonewa na walioadhibiwa walijua.

Watu walirudi. Kwanza waliokuwa wanasikia kicheko kutoka ng'ambo ya barabara, kisha waliosimuliwa, kisha wa vijijini. Mikokoteni ya pamba nayo ikaanza tena kuingia getini. Wengine walisema Mwalimu amepewa dawa ya mvuto ya marehemu baba yake, kaisugua kwenye filimbi. Alipoulizwa alisema anayetaka kuilamba ailambe. Kasmiri alikuwa anatembea huku amejifunga mikono nyuma kama baba wa bwana harusi. Maturubai yakarudishwa mbali na sakafu.

Msimu ukafika mwisho, na waliokutana mwishoni ni Nyota na Sangara. Tajiri mwenyewe alikuja kutoka Mwanza na wageni wake, wakawekewa viti vya ofisini na meza yenye soda. Joakim naye alikuja, na pengo lake. Alipompita refa aliinamisha kichwa kidogo, basi.

Ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote iliyowahi kuchezwa pale. Boniventura siku hiyo alikuwa mchezaji kweli. Alicheza kwa sheria, maana kuchekwa kulikuwa kumemtia adabu, na akicheza kwa sheria alikuwa hashikiki. Joakim alimganda kama luba. Wakafungana, wakapishana, na dakika ya mwisho walikuwa sawa. Boniventura akapata mpira upande wa kushoto. Akamzunguka Joakim, akaacha kudunda. Moja, mbili. Labda ni uchovu, labda ni wale wageni kwenye viti, labda ni mazoea ya zamani yaliyokuwa yamelala tu. Akachukua ya tatu, ndogo, ya kuvizia, akaruka, akauzamisha mpira mpaka nguzo ikayumba. Watu wote wakaruka juu. Tajiri alisimama na soda yake.

Nyanjige aliiona ile hatua. Aliona pia vitu vingine vyote kwa mpigo: viti vya ofisini, uso wa Kasmiri, wakulima wa Bariadi wanaokumbatiana, sakafu yake. Alijua kwamba akipuliza, watu wa nyumbani atawanyang'anya furaha yao mikononi, na watu wakinyang'anywa furaha huhama. Aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo, hata siku ile barua ya mumewe ilipofika kutoka Geita. Halafu akamwona Joakim. Hakuwa analalamika wala hakuinua mkono. Alikuwa anamtazama tu, kama ile siku.

Filimbi ikalia.

Kelele zilikatika. Mtu mmoja nyuma alianza kutukana akanyamazishwa. Nyanjige alienda akauokota mpira chini ya kikapu, na hakutaka kulicheza kosa lile. Angetoa chochote asilicheze. Lakini alikuwa amewazoesha. Akaukumbatia mpira. Hakutikisa bega, hakuinua kidevu. Alitembea tu kama mwanamke aliyechoka.

"Imo. Ibili." Akakanyaga. "Idatu."

Hakuna aliyecheka. Aliitazama miguu ya watu, upande mmoja hadi mwingine, akingoja ianze kugeuka. Haikugeuka. Walisimama pale pale, wamenuna, wengine wakitikisa vichwa, Apolonia amejishika kiuno. Sangara wakapewa mpira, Joakim akapenya katikati ya warefu akafunga, na muda ukaisha. Watu wa Bariadi walitawanyika kimya, kwa hasira, ila hasira yao haikumwangukia mtu. Tajiri alikuwa amekwisha kuingia kwenye gari.

Jumatatu Kasmiri alikuja shuleni. Alisimama karibu na mlingoti wa bendera, kofia mkononi, haraka zake zote zimemwisha.

"Mwalimu, mchezo utaendelea. Tajiri kauona umati kwa macho yake, hawezi kuuacha. Sakafu haimwagiwi pamba, na msimu ujao tunaweka na mabenchi." Akaizungusha kofia. "Ila refa atatoka Mwanza. Kasema hivyo mwenyewe, mbele ya wageni. Mimi nimejaribu."

"Sakafu inabaki?"

"Inabaki."

"Basi, Meneja. Wabeja, nashukuru."

Akarudi darasani akaendelea na somo la sehemu. Alichokuwa akikitaka amekipata, na tusidanganyane, iliuma. Iliuma msimu mzima wa mvua, palizi ikapita, pamba ikapasuka, na ilikuwa bado inauma.

Mwezi wa saba ukafika. Nyanjige alinunua tiketi getini kama mtu mwingine yeyote, akaenda kukaa kwenye benchi jipya karibu na beseni la Apolonia. Refa wa Mwanza alikuwa kijana nadhifu, fulana yenye mistari na viatu vyeupe, na alipuliza filimbi kwa mbwembwe. Sijui aliambiwa nini na nani. Boniventura alipopata mpira mara ya kwanza, alichukua hatua zake tatu za kale, akafunga, na yule kijana akautazama mpira.

Apolonia akamgeukia Nyanjige. Nyanjige alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Yeye alicheza kwao, na alichotunzwa ni nafasi kwenye benchi.

Boniventura akapata mpira tena. Akaacha kudunda.

"Imo," Apolonia akasema, si kwa kelele, kama mtu anayehesabu mafungu ya michembe.

"Ibili," wakasema wanawake wa nyuma yake, na wazee wa baiskeli, na wale wa ng'ambo ya uwanja waliokuwa wamefika kutoka Nkoma alfajiri.

Boniventura alisikia. Alikuwa ameuinua mguu wa tatu, akawa hajui auweke wapi.

"Idatu!"

Ilisemwa na uwanja mzima, watoto kwa watu wazima, na mguu ulipogusa saruji refa alishtuka. Alitazama upande huu, akatazama upande ule. Kila alikotazama watu walikuwa wamekaa, hawakumtukana, walikuwa wanamngoja tu. Akapuliza.

Filimbi ya Nyanjige ilikuwa ndani ya mkoba, imefungwa kwenye leso. Asubuhi ile aliichukua bila kujua kwa nini. Alikuwa ameishika kupitia kitambaa tangu mchezo ulipoanza. Akaiachia. Apolonia akampa kipande cha mchembe, akakipokea, na mpira ukarushwa ndani.